Kabla hujanunua saruji: yaliyonikuta kwenye nyumba ya babu Mji Mkongwe

Kosa langu la kwanza lilikuwa mifuko arobaini ya saruji. Nyumba ya babu yetu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ilikaa miaka kumi na moja bila mtu. Lipu ilikuwa imebanduka, dari ya chumba cha nyuma imeshuka, na popo ndio waliokuwa wenye nyumba. Nikaona nianze na ukuta wa uani, maana ndio anaokutana nao kila anayeingia. Nikampata fundi kijana, hodari kweli kwa nyumba za matofali, akaupiga lipu ya saruji kwa siku nne. Ukanyooka, ukapendeza. Picha nikazituma kwenye kundi la familia, pongezi zikamiminika.

Masika ikaja, ikapita. Kufika Julai lipu imevimba kama andazi, ukiigonga inalia tupu, na pembeni inatoka chumvi nyeupe. Nikamwita fundi mzee anayejua nyumba hizi. Hakutoa hotuba. Alibandua pande moja kwa patasi, akaushika mkono wangu akaukandamiza kwenye jiwe. Chepechepe!

"Haya maji, mwanangu, ulitaka yatokee wapi?"

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, unene wake nusu mita na zaidi. Zinanyonya maji kutoka chini na kutoka kwenye mvua, kisha zinayatoa polepole kupitia chokaa. Ukizifunika saruji, maji yanabaki ndani na kutafuta njia nyingine, na njia hiyo mara nyingi ni vichwa vya boriti vilivyozamishwa ukutani. Yule mzee alichokonoa kimoja, kikamomonyoka mkononi mwake kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Katikati boriti hiyohiyo ilikuwa ngumu kama chuma. Kwa hiyo ukikagua nyumba, usitazame boriti pale zinapoonekana. Tazama pale zinapoingia ukutani.

Siku hizi mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aende na mwavuli. Nenda siku ya mvua kubwa, ukae ndani saa nzima, uone maji yanapopita. Sisi tuligundua hivyo kwamba mlizamu mmoja, mfereji wa maji ya paa, uliopasuka ndio uliokuwa ukikimwagia maji chumba cha nyuma miaka yote. Kuubadilisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Anza juu basi: bati, milizamu, njia za maji ya mvua. Rangi na milango ya nakshi vitakungoja.

Na kama paa lako bado ni lile la zamani la bapa, usikubali kuongezewa tabaka jingine juu ya yale yaliyopo. Kila mwenye nyumba aliyeona linavuja aliongeza lake, na uzito wote huo umebebwa na boriti zilezile za mikoko.

Halafu egemeza kabla hujabomoa. Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani hapahapa Mji Mkongwe, ilivyoporomoka wakati matengenezo yakiendelea, wakafariki watu wawili. Jengo la mwaka 1883, kubwa vile! Toka siku ile siruhusu mtu ang'oe hata jiwe moja kwangu kabla ya kusimamisha miti ya kuegemeza, chini na juu. Vilevile usivunje ukuta wa kati ili upate sebule pana. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti hazina urefu wa kuvuka zaidi ya mita tatu hivi, na ukuta huo ndio unaozipokea.

Kuhusu kibali: mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Mji Mkongwe ndio wa kuwaendea kabla hujamleta fundi. Mimi nilitaka madirisha ya alumini. Nikakataliwa, nikanuna wiki nzima. Leo nikiyatazama yale ya mbao naona haya kidogo.

Chokaa nayo ina adabu zake. Izimwe vizuri, yaani imwagiwe maji mpaka itulie, ilazwe kwenye maji wiki kadhaa, ichanganywe chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga usiwe wa pwani, maana wa pwani unakuletea chumvi uliyokuwa ukiikimbia. Piga tabaka jembamba, lifunike kwa magunia yaliyoroweshwa lisikauke haraka, subiri, ndipo upige la pili. Fundi anayekuahidi kumaliza chumba kwa siku nne hajui chokaa.

Ila kilichonichosha kuliko mawe ni ndugu. Nyumba ya mirathi ina wenyewe wengi: shangazi Mombasa, kaka Muscat, watoto wa marehemu ami. Miaka miwili ilikwenda kwa kukubaliana tu. Andikeni mapema nani anatoa kiasi gani, na je, anayetoa zaidi atarudishiwa au ametoa sadaka. Sisi hilo la mwisho hatukuliandika, na mpaka leo likitajwa kwenye mazungumzo shangazi huomba apishwe akasali.

Chumba cha nyuma bado. Boriti zake mpya zimelazwa uani, na ukuta tumeuvua saruji yote tukauacha wazi. Kaka akipiga simu kutoka Muscat, hata salamu hajamaliza, anauliza kama tumeshapaka rangi. Namwambia ukuta haujakauka.