Vitu yabisi vikikuchanganya, weka lile jedwali pembeni kwanza

Mi nilikariri jedwali la vitu yabisi lote, vya ioni (yaani chembe zenye chaji ya umeme), vya metali, vya molekuli, vya mtandao wa atomu, kila kimoja na ugumu wake na kama kinapitisha umeme au la. Mtihani ukaja na swali, kwa nini chumvi kavu haipitishi umeme ila ikiyeyushwa inapitisha, nikaandika "kwa sababu ni ya ioni" basi, maksi sikupata hata moja. Iliniuma kweli.

Siku hizi kabla ya kitu chochote najiuliza, humu ndani kuna chembe gani na zimeshikwa na nini? Chukua hiyo chumvi. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni 6 za kloridi, juu, chini, pande zote, na kila kloridi nayo imezungukwa na sodiamu 6, zinavutana kwelikweli ndo maana mpaka ufike kama nyuzi 801 za Selsiasi ndo iyeyuke. Chaji zipo tele ila zimebanwa, haziwezi kutembea, ukiyeyusha zinaachiana zinatembea na umeme unapita. Hilo ndo jibu walilokuwa wanalitaka. Na ukigonga fuwele ya chumvi inapasuka badala ya kubonyea, kwa sababu safu ikisogea kidogo tu chaji zinazofanana zinatazamana na kusukumana. Metali je? Elektroni zake, vile vichembe vidogo vyenye chaji hasi, zinazunguka huru kati ya atomu, safu zikiteleza bado zimeshikwa, kwa hiyo unaigonga inakuwa bapa.

Jaribu hivi, mwaga punje chache za chumvi ya mezani kwenye karatasi nyeusi uziangalie kwa lenzi ya kukuza. Utaona viboksi vidogo, vingine kona zimelika, na hilo umbo linatokana na ule mpangilio wa ndani. Mimi nilivyoviona mara ya kwanza nilikaa pale muda mrefu sana.

Almasi na grafiti zote ni kaboni tupu. Kwenye almasi kila atomu imeshikana na nyingine 4 zilizoizunguka, kwenye grafiti ni 3 tu, zinafanya mashiti yaliyolaliana kwa mvuto hafifu, ndo yanayobaki kwenye karatasi ukiandika na penseli, na ile elektroni moja ya kila atomu iliyobaki bila kushikana inazurura kwenye shiti kwa hiyo grafiti inapitisha umeme.

Barafu wengi wanaikosea, ikiyeyuka molekuli za maji hazivunjiki jamani, zinalegezana tu.

Kioo nacho usikitafutie kiwango maalumu cha kuyeyuka, chembe zake hazina mpangilio unaojirudia, sehemu zingine zimeshikana sana zingine kidogo, kwa hiyo kikipata moto kinalainika taratibu, na hapo katikati, kikiwa kizito kama asali, ndo fundi anapata nafasi ya kukipuliza kiwe chupa.