Kupuliza laka kwenye bodi kubwa, kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaoanza kupuliza, stuli na miguu ya meza visiwadanganye. Kitu kidogo ukikosea jicho halioni, ila siku ukiletewa milango ya kabati ya futi saba, flati kabisa, na mteja anaenda kuiweka mkabala na dirisha, hapo kila kosa la mkono wako linaonekana.

Hapa Keko, Dar, nawaona wengi wakiharibu wanakimbilia kununua spreigani (bunduki ya kupulizia) mpya au kulaumu laka feki. Mara nyingi tatizo ni mpangilio tu. Hii laka ya NC, yaani ya nitroselulosi, inakauka chapchap, sasa we unahangaika upande huu wa bodi, ule ulioanza nao umeshaanza kushika, na vumbi la laka linaloelea linatua juu yake kama unga, kesho ukipitisha kiganja unasikia msasa. Kwa hiyo laza bodi kwenye stendi, angalia upepo unaenda wapi, anzia upande unaotokea upepo usogee unakoelekea, ili ule unga utue sehemu ambayo hujapuliza bado, ukifika pale laka mbichi inaumeza.

Umbali wa spreigani na bodi ni sentimita 15 hadi 20, yaani shubiri pungufu kidogo. Bonyeza kabla hujaingia kwenye bodi, achia ukishapita ukingo, na kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Usikunje kifundo cha mkono kama unamwagilia bustani maana katikati patalowa na pembeni patabaki pakavu, mkono wote uende sambamba na bodi, na tembea! Macho nayo yasiangalie spreigani, yaangalie mng'ao. Simama bodi iwe kati yako na mwanga, utaona laka ikitua imelowa na kujilaza yenyewe. Ukiona vibonyeo kama ganda la chungwa basi laka nzito, au uko mbali, au presha ndogo. Ikichuruzika ujue umeng'ang'ania sehemu moja au umezidisha thina (kimiminika cha kuzimulia laka). Jaribu kwanza kwenye boksi kuukuu, usijifunzie kwenye mlango wa mtu.

Sasa Dar yetu na unyevu wake. Mwaka wangu wa pili kazini, mwezi wa 4, mvua imekatika tu asubuhi nikapuliza milango sita ya mteja wa Tabata, nikaenda zangu kunywa chai, narudi yote imepauka kama imemwagiwa maziwa. Kwa akili zangu nikaongeza laka juu, daah, ndo nikazidisha. Kumbe thina ikiruka inapoozesha uso wa bodi, unyevu wa hewani unaganda pale kama chupa ya soda ya baridi inavyotoa jasho, ndo huo weupe. Mzee aliyekuwa ananifundisha alicheka kwanza, akasubiri jua la mchana, akachanganya thina na ritada kidogo (thina inayoruka taratibu) akapuliza ukungu mwepesi, milango minne ikarudi. Miwili nilipiga msasa nikaanza moja, kwa hela yangu.

Toka hapo kipindi cha masika sipulizi kabla ya saa nne, na kila asubuhi nafungua koki ya chini ya tangi la kompresa maji yatoke. Kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie ni kwa kiangazi tu, masika unajiongezea unyevu mwenyewe.

Sila, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya laka, usiifanyie uvivu, msasa 320 kila ikikauka, futa vumbi lote. Halafu kitambaa cha kufunga mdomoni sio maski, tafuta ile ya vichujio vya kaboni, na mama ntilie na jiko lake la mkaa akae mbali, thina inawaka kabla hujamaliza kusema moto.

Na mdudu akitua laka ikiwa mbichi muache hapohapo, ukimtoa na kidole unaacha kovu kubwa kuliko yeye. Ikishakauka vizuri mkwangue na msasa wa maji 400, piga koti jepesi la mwisho, mteja hatajua.