Usitangaze namba tasa kabla hujaijaribu programu yako kwa 2047

Mkuu, hiyo barua pepe ya kutangaza kwamba umegundua namba tasa kubwa usiitume. Umesema ulichukua kipeo ambacho ni namba tasa, ukaiweka 2 kwenye kipeo hicho, ukatoa 1, programu ikakujibu "imepita kwa msingi wa 2". Sasa unauliza ununue laptop gani na zawadi inadaiwa wapi. Nimesoma tumbo likanikata.

Kipimo hicho kwa namba za aina hiyo HAKIPIMI KITU. Kinataka 2 kwa kipeo cha (namba yako toa 1), ukiigawa kwa namba yenyewe, baki iwe 1. Sasa 2 kwa kipeo chako inaizidi namba yako kwa 1 tu, kwa hiyo baki yake ni 1 papo hapo. Na namba yako ukiitoa 1, lazima igawanyike kwa kipeo chako, kwa hiyo kipimo kinazidisha ile baki ya 1 kwa yenyewe tu, na inabaki 1. Basi zinapita zote, tasa na feki (zisizo tasa)! 2047 ni 2 kwa kipeo cha 11, toa 1. Inapita vizuri kabisa, na ni 23 mara 89. Kipeo cha 67 nacho kinapita. Mtawa Mersenne mwenyewe, ambaye namba za aina hii zimepewa jina lake, aliiweka kwenye orodha yake ya tasa mwaka 1644, na mwaka 1903 mwanahisabati Frank Nelson Cole akaonyesha vigawo vyake: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Mimi kipeo changu kilikuwa laki 7 na ushee. Laptop iliunguruma siku 11 chumbani Sinza, feni ya ukutani nimeigeuzia yenyewe, mimi natoka jasho. LUKU ilikuwa inakula kuliko mimi. Programu niliuziwa elfu 30 na jamaa mmoja wa mtandaoni aliyejiita Profesa. Profesa wa mchongo! Hadi leo nikikumbuka alivyonijibu "hongera sana kijana" natamani anirudishie hata hela ya umeme. Ilipopita nikaenda stesheneri nikachapisha tarakimu zote, zaidi ya laki 2, kurasa kama msahafu. Mama mdogo akachinja kuku. (Kuku alikuwa mtamu, hilo sijutii.) Dogo wa kidato cha nne ndiye aliyeniuliza mezani, "Kaka, 2047 ulishaijaribu?" Paja likanikwama kooni.

Tumia kipimo cha Lucas na Lehmer. Anza na 4, zidisha kwa yenyewe, toa 2, gawa kwa namba yako uchukue baki, rudia mara (kipeo toa 2). Baki ya mwisho ikiwa 0, ni tasa. Kwa 31, kipeo ni 5, hatua 3: 4, 14, 8, 0. Imekubali.

Ila kabla ya yote ipe programu feki unayoijua. Lisha 2047, hatua 9. Mwisho inatakiwa itoke 1736. Ikitoka 0, futa programu. Weka jibu hapa leo leo, laptop tutaongea baadaye.