Kompyuta ya Bei Kubwa Inalipa Lini? Ushauri kwa Wanaoanza Kazi za Ramani Tabora

Kila mwaka msimu wa mafunzo kwa vitendo unapowadia, vijana wanaopangiwa ofisini kwetu hapa Tabora mjini huja na swali lile lile: je, kompyuta mpakato ya bei kubwa ina tofauti ya kweli na ile ya bei nafuu, au mtu analipia jina tu? Wengi wao wanatoka Chuo cha Ardhi Tabora, na wachache wanatoka Chuo cha Utumishi wa Umma. Fedha walizonazo ni zile zilizochangwa na wazazi baada ya kuuza tumbaku, mpunga au ng'ombe, ama za mkopo ambazo wenyewe huziita boomu, na zote zina sifa moja, kwamba zikishatoka hazirudi kwa haraka. Kwa hiyo, wadogo zangu, safari hii nimeona niliandike jibu langu kwa kirefu.

Bei kubwa ya kompyuta hununua mambo ya aina mbili yanayouzwa kwa pamoja. La kwanza ni uimara wa vitu vinavyoguswa na kuchakaa kila siku, yaani bawaba, kibodi, tundu la chaji, kioo na betri. La pili ni wembamba, nembo, na heshima ya kuwa mtu wa kwanza kulifungua boksi. Kwa mazingira yetu ya vumbi, joto la mwezi wa kumi na safari za kwenda Kaliua au Sikonge mkoba ukiwa mapajani, jambo la kwanza linastahili fedha yako, na la pili halina kazi nawe. Ushauri wangu wote unatokana na kutenganisha mambo hayo mawili, jambo ambalo linawezekana bila kuwa na fedha nyingi.

Tuanze na kompyuta mpya ya bei nafuu, ile inayopangwa mbele dukani ikiwa na stika zinazong'aa. Ukisoma maelezo yake kwa makini, mara nyingi utakuta prosesa (ubongo wa mashine) ya Celeron, daraja la chini la kampuni ya Intel, kwa mfano N4020 yenye viini viwili, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, yaani ya bei nafuu na ya polepole, iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi. Sasa, Microsoft yenyewe imetaja RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 kuwa kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea Windows 11, maana yake ni kwamba siku unayoitoa mashine hiyo kwenye boksi tayari imefika mwisho wa uwezo wake, na masasisho ya miezi michache tu yataijaza hifadhi yote. Kampuni ya Esri, inayotengeneza programu ya ramani ya ArcGIS Pro, haikubali RAM iliyo chini ya GB 8 kwa programu hiyo. Hata QGIS, ambayo ni ya bure na ina huruma zaidi kwa mashine dhaifu, itaganda ukiweka picha ya angani ya kata moja huku kivinjari kikiwa wazi pembeni.

Hata hivyo, ukikaa kwa fundi ukaangalia mashine zinazoletwa, utaona kwamba zilizo nyingi hazikupelekwa pale na udhaifu wa prosesa. Zimepelekwa na bawaba. Katika kompyuta nyingi za bei ya chini, bawaba ya chuma hufungwa kwa skrubu ndogo zinazoingia kwenye vijinati vya shaba, na vijinati hivyo vimezamishwa ndani ya plastiki ya kava. Bawaba yenyewe imekazwa kwa makusudi ili kioo kisianguke nyuma. Lakini kila unapofungua kioo kwa kushika kona moja, nguvu yote huenda kwenye plastiki inayovishika vijinati hivyo, nayo huanza kupata nyufa usizoziona. Vumbi na ukavu wa kiangazi huifanya bawaba izidi kuwa ngumu, hadi siku moja vijinati vinang'oka na kipande cha plastiki, kava linaachama pembeni, na waya mwembamba unaopeleka picha kwenye kioo unaanza kubanwa. Fundi atasafisha, atajaza gundi kali, atakuambia uwe unaifungua taratibu, na baada ya muda mtaonana tena kwa shida ile ile, kwa sababu gundi haiwezi kuwa plastiki mpya na kava halisi la mashine hiyo huenda halipatikani hata Kariakoo.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kweli kati ya daraja moja la kompyuta na jingine. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi, kama ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude na HP EliteBook, kwa kawaida zina bawaba zilizoshikwa na fremu imara kuliko plastiki tupu, na nyingi zina kibodi iliyotengenezwa kuhimili kumwagikiwa kikombe cha chai. Watengenezaji huzipitisha katika majaribio ya mtikisiko, joto na vumbi kwa kufuata viwango vya jeshi la Marekani vinavyoitwa MIL-STD-810. Majaribio hayo hufanywa au kugharamiwa na kampuni zenyewe, si jeshi, kwa hiyo usiyachukue kama kiapo. Lakini angalau yanaonyesha kwamba mtengenezaji aliyafikiria mambo hayo.

Zikiwa mpya, mashine hizo ni ghali na sikushauri uzinunue. Kampuni kubwa za nje hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na zile zinazotolewa huuzwa kwa jumla, nyingine zikipitia Dubai, hadi kufika Kariakoo na kisha huku kwetu. Mnunuzi wa kwanza ndiye aliyelipia nembo na boksi. Wewe unalipia bawaba na kibodi, na mara nyingi bei inakaribiana na ile ya Celeron mpya niliyoieleza. Ndiyo maana mtu akiniambia anachagua kati ya mpya ya bei nafuu na mtumba wa daraja la kiofisi, simpi nafasi ya kufikiri sana.

Tatizo la mtumba ni kwamba jina peke yake halitoshi, na wauzaji wanajua kuwa wanunuzi wengi husoma jina tu. Mtu anaambiwa "hii ni Core i7", daraja la prosesa za Intel lililo juu ya i5, na anatoa fedha bila kuuliza i7 ya mwaka gani. Soma namba inayofuata baada ya kistari. Prosesa iitwayo i7-7600U ni ya kizazi cha 7, yaani toleo la saba kama ile 7 ya baada ya kistari inavyoonyesha, na ina viini viwili tu, wakati i5-8350U ni ya kizazi cha 8 na ina viini vinne. Kwa kazi zetu, hiyo i5 inaishinda i7 bila ubishi. Kizazi cha 8 kina umuhimu mwingine pia. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho na kuendelea, isipokuwa prosesa chache sana za kabla yake. Ndiyo sababu utakutana na mashine za kizazi cha 6 na cha 7 kwa bei ya kuvutia: wenzako wa nje wanaziondoa. Ukisikia ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 5490, hizo zote ni za mwaka 2018 na zinaanzia kwenye mstari huo, ingawa hata hapo ni lazima uikague namba, kwa kuwa baadhi ya modeli za mwaka huo ziliuzwa pia na prosesa za kizazi cha 7. Zote tatu zina nafasi mbili za RAM, hivyo unaweza kuanza na GB 8 na kuongeza fedha ikipatikana, uhuru ambao mashine nyingi nyembamba za kisasa, za bei kubwa kuliko hizi, hazikupi kwa sababu RAM yake imechomelewa kwenye bodi.

Kioo nacho kikaguliwe. T480 hiyo hiyo inayosifiwa iliuzwa pia na kioo cha nukta 1366 kwa 768, ambacho kwa mtu anayechora mipaka ya viwanja ni mateso, maana paneli za zana zikishafunguka eneo la kuchorea linabaki dogo mno. Tafuta chenye nukta 1920 kwa 1080 cha aina ya IPS (kinachotunza rangi hata kikitazamwa kutoka upande), na ukigeuze pembeni kuona kama rangi zinabadilika.

Sasa nije kwenye MacBook, kompyuta za kampuni ya Apple, kwa kuwa najua wengi mnaitamani na mnaogopa kuuliza. MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020 kwa bei ya kuanzia dola 999 kule Marekani, ni mashine bora kwa haki yake yote. Ina uzito wa kilo 1.29, Apple inaitajia hadi saa 15 za kuperuzi intaneti kwa chaji moja, na haina feni, kwa hiyo haina tundu la kuvutia vumbi la barabara ya Urambo hadi ndani ya mashine. Kwa mwandishi, mhasibu anayetumia mifumo ya mtandaoni au mtu wa video, fedha hiyo inaweza kulipa. Kwako wewe wa ramani, ArcGIS Pro haitengenezwi kwa ajili ya macOS, mfumo endeshi wa MacBook, na Civil 3D, programu ya kusanifu barabara na viwanja, vilevile. AutoCAD ya kawaida (programu ya michoro) na QGIS zipo, lakini ofisi nyingi utakazokwenda kufanya kazi zitakupa faili na programu za Windows. Ongeza hapo kwamba RAM na hifadhi yake haziongezeki, na kwamba kioo chake kikivunjika gharama ya kingine inaweza kukaribia bei ya kompyuta nzima ya mtumba. Ukiuziwa iliyotumika ambayo mwenyewe wa kwanza hakuitoa kwenye akaunti yake, ukiifuta na kuianzisha upya itakudai nywila ya mtu usiyemjua, na hakuna fundi wa mtaani atakayekusaidia kihalali.

Vijana wa uhazili na utunzaji wa kumbukumbu wana hesabu nyepesi zaidi. Kazi yao ni kuchapa, barua pepe na mifumo ya mtandaoni, hivyo GB 8 za RAM na diski ya SSD (ya haraka, isiyo na sehemu zinazozunguka) zinatosha kwa miaka mingi. Wao waweke fedha kwenye kibodi, basi.

Kuhusu umeme, watu hulaumu kukatika kwake kuliko inavyostahili. Chaja halisi ya kompyuta mpakato hupokea kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo umeme ukiwa mdogo yenyewe huvumilia. Hatari kubwa zaidi ni mshtuko wa umeme unaporudi ghafla, na chaja feki zisizo na kinga ndani. Kompyuta yenye betri nzima haijali umeme ukikatika, lakini yenye betri iliyokufa huzimika pamoja na mchoro wako. Kwa sababu hiyo betri ndiyo kitu cha kwanza kubadilisha katika mtumba, na bei yake ihesabiwe kabla hujasema kompyuta ni rahisi. Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotoka itaonyesha uwezo betri ilionao ilipotengenezwa na uwezo uliobaki leo. Ikiwa uliobaki ni chini ya nusu, dai punguzo linalolingana na betri mpya.

Mama mmoja aliyekuja na binti yake kuomba ushauri aliniuliza swali ambalo vijana huwa hawaulizi. "Mwanangu, hiyo mpya ina waranti ya mwaka. Hiyo ya mtumba ikifa, nani atanijibu?" Nilimjibu, "Mama, una haki kuuliza. Lakini ulizia kwanza hiyo waranti inatengenezewa wapi." Akampigia muuzaji simu palepale, akaambiwa mashine hupelekwa Dar es Salaam kwa gharama za mteja, na kwamba kuvunjika kwa kava hakumo. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na bawaba ikivunja kava, wao wanahesabu kwamba umevunja mwenyewe. Sisemi waranti haina maana. Nasema kwa mtu wa Tabora thamani yake ipunguzwe kwa kadiri ya umbali na masharti. Badala yake, mtumba wa modeli iliyouzwa kwa wingi una faida ya spea: kuna mashine nyingi za aina hiyo zilizokufa ambazo mafundi huzichinja, na kibodi au kioo hupatikana kwa basi la siku moja au mbili.

Ukishachagua, usilipe kwa kuiona ikiwaka tu. Andika maneno marefu ukigusa kila kibonye, shika waya wa chaji pale unapoingia na uutikise kidogo uone kama chaji inakatika, fungua na kufunga kioo mara kadhaa huku ukisikiliza kama kuna mlio wa plastiki karibu na bawaba, kisha izime na uiwashe upya ili uone kama inadai nywila ya mwanzo, maana zipo zilizotoka makampuni ya nje zikiwa bado zimefungwa. Iache ifanye kazi nzito walau kwa nusu saa, ukae hapo hapo dukani, na uguse upande wa feni. Omba risiti iandikwe modeli, namba ya mashine na siku za majaribio mlizokubaliana. Muuzaji akikataa kuandika namba hiyo, mshukuru na uende duka la jirani.