Kiwanja juu ya chemchemi Matugga: usikubali hilo shimo la futi 30

Ndugu uliyeuliza, nimesoma swali lako na majibu ya wenzangu. Kwa anayeingia sasa hivi: jamaa ana kiwanja cha futi 50 kwa 100 Matugga, nje ya Kampala, Uganda, kinateremka kutoka barabarani, na mita kama 18 chini ya mpaka wake kuna chemchemi iliyojengewa ambayo mtaa mzima unachota. Fundi wake anataka kuchimba shimo moja la futi 30, matofali pembeni, chini pabaki udongo mtupu, kwa ahadi kwamba halitajaa maisha yake yote. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kasema hapo hapajengwi karo, yaani tangi la maji ya choo, la aina yoyote. Anauliza amsikilize nani.

Mimi nimejenga makaro kuanzia kwetu Bombo hadi Kawempe, kwenye miteremko kama huo wako, na jibu langu ni kwamba mwenyekiti yuko karibu zaidi na ukweli kuliko fundi. Ila karo linawezekana, ukikubali kupanga kiwanja upya.

Anza na hiyo ahadi ya kutojaa. Familia ya watu sita yenye choo cha kuflashi na bafu ndani humwaga lita 600 hivi kwa siku. Shimo likipokea lita 600 kila siku na halijai, maji hayo yanakwenda mahali, na kwenye vilima vyetu mahali penyewe ni chini, yalipo maji ya chemchemi. Mvua huingia ardhini huko juu, hupita kwenye muramu (udongo mwekundu wenye changarawe) na udongo uliooza juu ya mwamba, kisha hutokea pale bondeni ambapo akina mama wanapanga jerikeni. Futi 30 ni mita 9. Kwenye sehemu ya chini ya mteremko, kuchimba mita 9 karibu na chemchemi maana yake ni kuyafikia maji yenyewe na kuyamwagia choo moja kwa moja.

Jambo ambalo mafundi wengi hawasemi, na wenye nyumba hawaulizi, ni kwamba karo halisafishi maji. Linatenganisha tu: tope linakaa chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanatoka yakiwa bado na vijidudu tele. Kazi ya kusafisha hufanywa na udongo mkavu yanamopita baadaye. Kwa hiyo swali la kwanza linahusu udongo mkavu uliopo chini ya mahali pa kufyonzea, kabla hata hujauliza saruji mifuko mingapi. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 kutoka chanzo cha maji, na angalau mita 1.5 za udongo mkavu kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini. Watu wanakariri ile 30 na kuisahau ile 1.5, na kwa maoni yangu ya pili ndiyo nzito zaidi.

Sasa kiwanja chako. Futi 100 ni mita 30. Ukiweka nyumba juu, upande wa barabara, karo nyuma yake tu, na mitaro ya kufyonzea, inayopeleka maji ya karo udongoni, ikatize kiwanja katikati, una mita 15 za bustani chini yake na zile 18 za nje ya mpaka. Jumla 33. Umepita, kwa shida, lakini umepita. Ukifanya anavyotaka fundi, nyumba katikati na shimo kule kona ya chini, uko mita 18 na huna cha kujitetea.

Nasema mitaro, sitaki shimo. Mtaro ni wa juu juu, una mapana, na unaacha udongo mwingi chini yake. Udongo wa mfinyanzi unaopitisha kiasi hunywa lita kama 20 kwa mita moja ya mraba kwa siku, hivyo lita zako 600 zinataka mita za mraba 30. Mitaro miwili ya mita 12.5 kila mmoja, yenye kokoto kina cha sentimita 60 chini ya bomba, ukihesabu kuta zake mbili, inakupa hizo 30. Ichimbwe kwa kukatiza mteremko, kitako kiwe sawa kama meza, vinginevyo maji yote yanakimbilia ncha moja na kuibukia kwa jirani. Bomba lenye matundu juu ya kokoto, kitambaa cha kuzuia udongo usishuke, kisha funika. Juu panda nyasi. Mfenesi, parachichi na mutuba (mti wa kitambaa cha magome) vikae mbali. Mizizi yake inapenda mabomba.

Kabla ya hayo yote chimba shimo la majaribio, mita 2.5 hadi 3, pale pale mitaro itakapokaa. Lichimbe mwishoni mwa mvua, Mei au Novemba. Fundi anayepima Januari akakuambia pakavu hajakuambia kitu. Kitako cha mtaro kitakuwa kama mita moja chini, kwa hiyo nataka kuona mita 2.5 bila maji wala udongo unaotiririka. Funika mbao, watoto wasitumbukie.

Ukikuta maji, usibishane nayo. Wengine hapo juu wamekushauri tangi lililozibwa la kunyonywa. Piga hesabu: tangi la lita 10,000 linajaa kwa siku 16 au 17, na kila likijaa ni gari la kunyonya. Hutamudu, na siku utakaposhindwa litafurika kuelekea chemchemi. Afadhali choo kikavu cha kutenganisha mkojo, kile cha ecosan wanachotumia Kisoro ambako mwamba wa volkeno hauchimbiki, na maji ya bafu na jikoni uyapeleke kwenye mtaro mfupi.

Karo lenyewe sitarefusha. Vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili ya urefu. Kwa watu sita, lita 1,200 za maji ya siku mbili na lita 720 za tope la miaka mitatu. Jenga lita 3,000 upate nafasi ya wageni. Kitako cha zege, plasta ya kuzuia maji ndani, bomba la umbo la T kwenye kuingilia na kutokea, chemba unayoweza kuifungua. Kisha lijaze maji safi uliache siku nzima uone kama usawa unashuka. Fundi atanung'unika. Mlipe baada ya jaribio hilo.

Kila mwaka ingiza fito iliyoviringishiwa kitambaa cheupe, uone tope limefika wapi. Tope na utando vikifika theluthi ya kina, ita gari. Hizo dawa za unga zinazouzwa kuwa zinamaliza tope, weka pesa yako mfukoni. Asiingie mtu ndani hata karo likiwa tupu, hewa yake inaua. Na muulize dereva anakwenda kumwaga wapi: mtambo wa maji taka wa Lubigi, Kampala, kando ya barabara ya Hoima umekuwa ukipokea tope tangu 2014, hivyo anayemwaga kwenye bwawa nyuma ya nyumba yako hana kisingizio.

Mwenyekiti naye ana la kufanya. Watafiti waliochunguza chemchemi za Kampala waliona uchafu ukipanda haraka baada ya mvua, na kilichochangia sana ni takataka na maji yaliyotuama juu ya chemchemi, pamoja na udongo wa kufukia uliomomonyoka nyuma ya ukuta wa chemchemi, kuliko vyoo vyenyewe. Mtaro wa kukinga maji ya mvua juu ya chemchemi na uzio vikiwa vimekufa, karo lako zuri halitamwokoa mtu. Mjitolee pamoja mvifufue. Na maji yachemshwe: taifodi iliyoikumba Kampala mwaka 2015 ilihusishwa na maji ya kunywa machafu, chemchemi zikiwemo. Lakini kuchemsha hakuondoi naitreti inayotoka vyooni, ambayo ni hatari kwa watoto wachanga, na ndiyo maana sikubali ile hoja ya "si wanachemsha tu".

Chimba shimo la majaribio, kisha urudi hapa utuambie kina ulichofika na ulichokuta, pamoja na mchoro wa kiwanja hata wa kalamu. Fundi mwambie asubiri.