Majibu ya Jikoni: Nyama ya Sichuan Inayotoa Maji Karaini

SWALI: Ninapenda nyama ya ng'ombe ya kukaanga yenye pilipili nyingi, ile ya mtindo wa Sichuan, jimbo la China, lakini kila ninapoipika nyumbani nyama hutoa maji, hutokota badala ya kukaangika, na hatimaye huwa ngumu. Pilipili nazo huungua na kuacha uchungu. Nifanyeje?

JIBU: Kwa jinsi unavyoeleza, tatizo lako ni joto, wala si viungo. Jiko la mkahawa wa Kichina huwa na moto mkali kupita kiasi cha jiko la nyumbani, ndiyo maana mpishi wa huko anaweza kumimina nyama yote kwa pamoja na karai lisipoe. Kwako, nyama ikiingia nyingi kwa wakati mmoja joto hushuka ghafla, maji yanayotoka hayawahi kukauka, na kuanzia hapo unachemsha.

Anza na kisu. Weka gramu 400 za steki kwenye friza kwa dakika 30 hivi hadi ikaze kidogo, uangalie nyuzi zake zinakoelekea, kisha uikate kwa kuzikingama, kila kipande kikiwa na unene wa milimita 3 au 4. Ukikata kwa kuzifuata nyuzi, hakuna kiungo kitakachoilainisha. Changanya vipande hivyo na kijiko kikubwa cha sosi ya soya, vijiko vikubwa 2 vya maji na kijiko kidogo cha wanga wa mahindi, ukivikanda kwa mkono mpaka maji yote yanywewe na nyama, halafu umalizie kwa mafuta kidogo ili vipande visishikane. Viache kwa dakika 20. Wanga huo hufanya utando mwembamba unaozuia majimaji ya nyama yasivuje, na ninakusihi sana usiiruke hatua hii. Kama nyama ni ya sehemu ngumu, ongeza robo ya kijiko kidogo cha bikabonati ya soda. Ikizidi hapo italeta ladha ya sabuni.

Pasha karai tupu hadi lianze kufuka moshi, tia mafuta, kisha kaanga nyama kwa mafungu mawili. Tandaza vipande na uviache bila kuvigusa kwa nusu dakika, kwani kukoroga mapema ndiko kunakovinyima rangi ya kahawia. Vigeuze, na uvitoe vikiwa bado na wekundu kidogo, maana vitarudi motoni.

Sasa punguza moto kabla ya kutia pilipili kavu. Zinahitaji sekunde 10 hadi 15 tu, na zikishaiva rangi na kunukia, ingiza mara moja tangawizi, kitunguu saumu na kijiko kikubwa cha doubanjiang, yaani rojo la pilipili na maharage mapana yaliyochachushwa, ambalo eneo la Pixian huko Sichuan linasifika kwalo. Koroga mpaka mafuta yageuke mekundu, rudisha nyama, ongeza moto, na uipue baada ya dakika moja. Usitie chumvi kabla ya kuonja, kwa kuwa rojo hilo na sosi ya soya vina chumvi ya kutosha.

SWALI: Je, pilipili manga inaweza kutumika badala ya pilipili ya Sichuan?

JIBU: Hapana. Pilipili ya Sichuan si ya jamii ya pilipili manga wala ya pilipili hoho. Mti wake ni wa ukoo mmoja na michungwa na milimau, na kazi yake ni kuutia ulimi ganzi, jambo ambalo pilipili manga haiwezi. Usipoipata, heri uiache kabisa. Ukiipata, ondoa mbegu nyeusi ambazo husagika kama mchanga mdomoni, kaanga maganda yake bila mafuta kwa moto mdogo hadi yanukie, yatwange, na uyanyunyize wakati wa kuipua, kwa sababu harufu yake hupotea upesi ikikaa motoni.