Maandishi ya Meroe yanasomeka, mbona hayaeleweki?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nafundisha historia sekondari huku Kisumu. Nimesoma kwamba mwandiko wa Meroe, kule Sudan, ulifumbuliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita na kila alama inajulikana sauti yake. Kitabu kingine kinasema lugha yenyewe bado haieleweki. Yote mawili yatakuwaje kweli? Tena wanafunzi wangu wananiuliza: kwa kuwa Wajaluo asili yetu ni huko Sudan, msemaji wa Dholuo hawezi kuyaelewa maandishi hayo? Na kompyuta za siku hizi zimeshindwa nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Uliyoyasoma yote mawili ni kweli. Kusoma mwandiko ni kazi moja, kuelewa lugha ni kazi nyingine. Mtoto wa madrasa aliyehitimu juzuu yake anaisoma bila kukosea irabu, lakini ukimwuliza maana ya aya atamgeukia maalimu wake. Sisi tunaosoma Kimeroe tuko hapohapo alipo mtoto huyo, ila maalimu hayupo. Lugha ilikufa, na haikuacha kamusi wala tafsiri ndefu.

Kimeroe kilikuwa lugha ya ufalme wa Kushi, uliokuwa na makao yake Meroe, kando ya Nile, kaskazini ya Khartoum ya leo. Kwa karne nyingi wafalme wa Kushi waliandikisha mambo yao kwa Kimisri. Karibu karne ya 2 KK wakaanza kuandika lugha yao wenyewe, wakaendelea hadi karne ya 5 BK. Walikuwa na alama 23 tu, katika sura mbili: hieroglifu, yaani alama za picha, kwa ajili ya mahekalu na wafalme, na mwandiko wa mkato kwa matumizi mengine yote. Waliweka nukta mbili au tatu baina ya maneno, jambo ambalo Wamisri hawakulifanya, na kwetu ni neema kubwa kwa sababu tunajua neno linaishia wapi.

Aliyefumbua mwandiko huo ni Mwingereza Francis Llewellyn Griffith, kati ya 1909 na 1911. Ufunguo wake ulikuwa kiweko cha jiwe kutoka hekalu la Wad ban Naqa, ambacho msafara wa mtaalamu wa Kijerumani Lepsius ulikipeleka Berlin katika miaka ya 1840. Kina jina la mfalme Natakamani na la malkia Amanitore, kwa hieroglifu za Kimisri na za Kimeroe pia. Kutoka kwenye majina hayo akapata sauti za alama za kwanza. Kisha akaingia kwenye mawe ya makaburi ya Karanog, yaliyokuwa yametoka kuchimbuliwa, akatafuta majina ya miungu na miji aliyoyajua kwa Kimisri na Kigiriki: Wos ni Isis, Pilqe ni kisiwa cha Philae, Qes ni Kushi yenyewe. Kazi ile naiheshimu sana. Ilirekebishwa baadaye, hasa na Fritz Hintze wa Ujerumani, aliyeonyesha kwamba alama ya konsonanti hubeba irabu "a" ndani yake isipokuwa ikifuatwa na alama ya irabu nyingine. Lakini msingi wa Griffith haujatikisika.

Uone mwenyewe kwa neno ambalo wasomaji wengi wa Biblia ya Kiswahili wamelipita katika Matendo ya Mitume, sura ya 8: Kandake. Wengi hudhani ni jina la mtu, kumbe ni cheo cha Kimeroe cha wanawake wakuu wa ufalme. Mawe huandika alama nne: k-d-k-e. Tia "a" palipo wazi, utapata "kadake". Hiyo "n" imekwenda wapi? Kanuni yao ilikuwa kutoiandika "n" iliyotangulia konsonanti. Tunajua ilikuwepo kwa sababu Wagiriki waliisikia na kuiandika. Alama ya "e" nayo ina utata: mahali pengine ni irabu, mahali pengine inaonyesha tu kwamba konsonanti haina irabu. Kwa hiyo hata kusoma kwenyewe kuna mapengo, na mtu anayelinganisha maneno bila kuzijua kanuni hizi atapotea mapema.

Maana je? Hapo ndipo mwendo unapokuwa wa kobe. Tuna maandishi zaidi ya 2,000, na ukisikia hesabu hiyo utadhani ni mali nyingi. Sehemu kubwa ni maandishi ya makaburi, na ya makaburi yanasema mambo yaleyale. Chukua meza ya sadaka, bamba la jiwe lililowekwa kaburini. Katikati pamechongwa Anubis, mwenye kichwa cha mbweha, na mungu wa kike amesimama mkabala naye. Wanamimina maji, na mikate imechongwa kati yao. Maandishi yamezunguka ukingoni. Yanaanza kwa kuwaita Isis na Osiris, linafuata jina la marehemu, halafu jina la mzazi mmoja likifungwa na neno tedkhelowi na la mwingine likifungwa na terikelowi. Ukiyapanga mawe kwa makumi utagundua kwamba tedkhelowi huenda na jina la mama na terikelowi huenda na la baba: "amezaliwa na fulani", "mzazi wake wa kiume ni fulani". Baadaye vinakuja vyeo, na mwisho dua zenye ato mhe na at mhe. Picha ya maji ipo, ya mikate ipo, na dua za namna hiyo tunazijua kutoka Misri. Ndipo tukasema ato ni maji, at ni mkate, mhe ni tele.

Hivyo ndivyo neno moja la Kimeroe linavyopatikana: ushahidi wa picha, wa mahali lilipowekwa na wa kurudiwarudiwa, vyote vikikubaliana. Kwa njia hiyo tumefika maneno yapata mia moja ya uhakika, ukiacha majina na vyeo vilivyoazimwa Misri. Qore ni mfalme, mk ni mungu, abr ni mwanamume, kdi ni mwanamke, lh ni kubwa, mlo ni njema. Sarufi nayo inajulikana kiasi: kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, sifa hufuata nomino kama kwetu.

Sasa toka kaburini uone tunavyokwama. Mwaka 1914 mwanaakiolojia John Garstang alifukua huko Hamadab, karibu na Meroe, jiwe kubwa ambalo sasa liko British Museum. Lina mistari zaidi ya 40, na jina la Kandake Amanirenas na la mwanamfalme Akinidad yanasomeka wazi. Amanirenas anahusishwa na vita vya Kushi na Roma katika miaka ya 20 KK, vita vilivyotujia kwa kalamu za Wagiriki na Warumi peke yao. Kichwa cha shaba cha sanamu ya Kaisari Augusto kilipatikana Meroe kimefukiwa mlangoni mwa hekalu, watu wakikipita juu kwa miguu. Huenda jiwe la Hamadab ni kauli ya Kushi wenyewe juu ya vita hivyo. Tunaona abr na kdi zikijirudia pamoja na vitenzi vinavyodhaniwa kuwa vya kuua na kuteka. Lakini nani kafanya nini, wapi, kwa sababu gani, hatujui, maana maneno mengi ya jiwe hilo hayamo kwenye mawe ya makaburi. Hilo linaniuma kuliko jambo jingine lolote katika fani hii. Upande wa Afrika wa habari ile uko mbele ya macho yetu, unasomeka kwa sauti, na haueleweki.

Kuhusu Dholuo, jibu fupi ni hapana, ingawa wanafunzi wako hawakuuliza upuuzi. Mfaransa Claude Rilly, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyelisogeza suala hili mbele kuliko mwingine yeyote katika kizazi hiki, anakiweka Kimeroe katika tawi la kaskazini la lugha za Sudani ya Mashariki. Humo mna lugha za Kinubi, Kinara cha Eritrea, Kinyima cha Milima ya Nuba na Kitama cha mpakani mwa Chad na Sudan. Dholuo, Kimaasai na Kikalenjin ni za Kiniloti, ambazo kwa kawaida huwekwa katika jamii hiyohiyo pana ya Sudani ya Mashariki, lakini tawi lingine kabisa, lililoachana na lile kwa maelfu ya miaka. Maji kwa Kimeroe ni ato. Kwa Dholuo ni pi, kwa Kimaasai ni enkare. Tena Wajaluo walishuka kutoka upande wa Sudan Kusini, mbali na Meroe.

Na hata maneno yangefanana, kufanana peke yake si ushahidi. Tunachotafuta ni tofauti zinazofuata utaratibu. Sisi tunasema mvua, njaa, njia. Mnyarwanda anasema imvura, inzara, inzira. Pale kwake penye "r" baina ya irabu, kwetu pamebaki patupu, na jambo hilo linajirudia neno baada ya neno. Huo ndio udugu wa lugha. Rilly alifanya vivyo hivyo: kwanza alijenga upya maneno ya mama wa lugha zile za kaskazini, ndipo akayaweka kando ya maneno ya Kimeroe ambayo maana yake ilishapatikana kwa njia nyingine. Mbwa kwa Kimeroe ni wle. Kidongolawi, lugha ya Kinubi inayosemwa hadi leo, husema wel. Wapo wataalamu wanaopinga, na wengine walikihusisha Kimeroe na jamii ya Kiafroasia, yenye Kiarabu na Kiebrania, lakini sijaona upande wao orodha ya mifano inayoshika utaratibu kwa kiasi hicho.

Kompyuta hazikushindwa kwa kukosa nguvu. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani waliunda programu iliyofumbua upya sehemu kubwa ya Kiugariti, lugha ya kale ya Syria, lakini iliwekewa Kiebrania kando, ndugu wa karibu mwenye maandishi mengi. Kimeroe hakina ndugu wa namna hiyo. Kinara na Kinyima vimeandikwa kidogo mno, na wasemaji wake ni wachache. Ukiipa programu mawe 2,000 yanayosema "maji tele, mkate tele", itajifunza maji na mkate.

Kinachohitajika ni maandishi mapya, hasa jiwe refu lenye lugha mbili, na watu wa kurekodi Kinara, Kinyima na Kitama wakati wazee wanaovijua vizuri wangali hai. Maandishi bado yanapatikana: Sedeinga, kaskazini mwa Sudan, mwaka 2017 ilitoa mawe kadhaa ya makaburi yenye Kimeroe. Lakini tangu Aprili 2023 nchi iko vitani, na Jumba la Makumbusho la Taifa la Khartoum limeporwa. Jiwe likiuzwa kimagendo bila kujulikana lilitoka kaburi lipi, tunapoteza nusu ya ushahidi wake, maana umeona jinsi picha na mahali vinavyotupa maana. Ukiona wanafunzi au jamaa wakisambaza picha za "vitu vya kale vya Sudan" vinavyouzwa mtandaoni, waambie wasinunue.

Kama darasa lako linataka kuionja kazi hii, lisianze na Kimeroe. Waandike maneno mia ya kawaida ya Dholuo, halafu wampigie simu mtu wa Gulu awape ya Kiacholi. Wataona dhako na dako, dhano na dano, dhok na dok. Wakishaeleza kwa kanuni moja "dh" inageuka "d" wapi, na wapi haigeuki, niandikie tena nikutumie orodha ya maneno ya Kimeroe.